Mpe mpiga dramu chumba kabla ya kumpa alama

Saa kumi na moja asubuhi, kabla jirani hajawasha stovu, binti mmoja wa mwaka wa nne chuoni huketi juu ya mtungi wa lita 20 ndani ya keja yake mtaani Kayole na kuanza mazoezi. Mbele yake kuna kigoda, na juu ya kigoda kuna kitabu kizee cha hesabu kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya gari. Hiyo ndiyo ngoma yake. Chini ya mguu wa kulia ameweka mto uliokunjwa. Huo ndio pedali. Vijiti vinagonga mpira taratibu, midomo inahesabu moja, mbili, tatu, nne, na sauti inayotoka haizidi ya mtu anayekuna nazi.

Baada ya wiki tatu atapanda jukwaani mbele ya watahini watatu na ukumbi uliojaa watu, wengi wao asiowajua. Atapiga dramu kwa dakika 40. Onyesho hilo ndilo mtihani wake wa mwisho katika shahada ya muziki. Akifanya vyema, anahitimu na wenzake. Akiboronga, anarudia mwakani, na karo ya mwaka mwingine kwao nyumbani haipo. Tunamwita binti tu kwa sababu aliomba jina lake lisichapishwe kabla ya siku hiyo.

Chuo anachosomea kina seti moja ya dramu inayofanya kazi. Wanafunzi wanaoihitaji ni kumi na mmoja. Ratiba imempa saa nne kwa wiki, na katika hizo, mbili ni za usiku, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Kutoka chuoni hadi kwake ni matatu mbili, na ya pili hushukisha watu kwenye barabara ambayo taa zake zilizimika zamani. Alijaribu saa hizo za usiku mara tatu. Mara ya tatu alifuatwa na wanaume wawili hadi mlangoni pa ploti. Tangu hapo ameziacha.

Sasa piga hesabu. Saa mbili kwa wiki, muhula wa wiki 12, ni saa 24. Yaani kwa muhula mzima, binti huyu ameketi kwenye dramu halisi kwa muda usiozidi siku moja. Mwenzake wa darasa ambaye wazazi wake walimnunulia dramu za umeme hupiga nyumbani kila jioni akiwa amevaa vipokea sauti masikioni, na hakuna jirani anayesikia lolote. Siku ya onyesho, wote wawili watapewa karatasi ileile ya alama.

Msimamo wa ukurasa huu ni mwepesi kueleza. Anayemdai kijana onyesho sharti kwanza ahakikishe kijana huyo ana mahali na saa za kujiandaa. Vyuo, kaunti, makanisa na sisi wazazi na majirani tumezoea kufika siku ya mwisho, kukaa vitini na kutoa hukumu. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Huenda ni kweli, lakini tujiulize ni nani aliyewanyima pa kuikeshea.

Kitabu na mpira havitoshi

Kuna watakaouliza, kwani shida iko wapi? Si anapiga tu kile kitabu chake? Mpira wa miguu wengi walijifunzia makaratasi mtaani na wakaishia kuchezea klabu kubwa.

Hebu tuangalie kazi yenyewe. Mpiga dramu hutumia mikono miwili na miguu miwili kwa wakati mmoja, na kila kiungo kina kazi yake. Mguu wa kulia unapiga ngoma ya besi. Wa kushoto unafungua na kufunga matoazi pacha. Mkono mmoja unatunza mwendo, mwingine unapiga ngoma ndogo yenye nyaya chini, ile inayolia kwa mkwaruzo. Juu ya yote hayo, masikio yanamfuata mpiga gitaa la besi, na macho yanamwangalia mwimbaji asije akaingia kabla ya wakati.

Mpira wa tyubu unaweza kufundisha mikono utaratibu. Kuna zoezi linalojulikana na kila mpiga dramu duniani: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Hilo unaweza kulifanya hata kwenye goti ukiwa ndani ya matatu. Lakini mpira haukufundishi jinsi kijiti kinavyoruka kikigonga ngozi iliyokazwa. Haukufundishi umbali kati ya ngoma moja na nyingine, wala nguvu ya kutosha ukumbi bila kufunika sauti ya mwenzako. Mto hauna chemchemi, kwa hivyo mguu haujui pedali itarudi kwa kasi gani. Ni kama kujifunza kuogelea juu ya kitanda. Mikono utaijua, maji hutayajua.

Onyesho la binti huyu lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kusoma nota na kupiga ngoma ndogo peke yake, bila chombo kingine cha kumsitiri. Ya pili ni benga akiwa na bendi ya wanafunzi wenzake. Benga inaonekana rahisi kwa anayecheza sakafuni, lakini muulize anayeipiga. Mguu haupumziki, na kadiri gitaa linavyochangamka ndivyo mpiga dramu anavyoshawishika kuongeza kasi. Akishawishika, bendi nzima inaanza kukimbia kama watu waliosikia mwizi.

Sehemu ya tatu ndiyo anayoipenda zaidi. Amechukua mapigo ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega na kuyaleta kwenye dramu za kisasa. Isukuti hupigwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kwa kawaida kila ngoma ina mpigaji wake. Yeye yuko peke yake. Ngoma ndogo ameipa mkono wa kushoto, ya kati ameipa mkono wa kulia, na ile kubwa ameiachia mguu. Kazi hiyo ya watu watatu ameanza kuifanyia mazoezi juu ya kitabu cha hesabu.

Mwaka wa 2014, shirika la UNESCO liliweka ngoma ya isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa ni kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee na hawana warithi, na kwamba fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni haba. Wakati huo viongozi wetu walifurahi, picha zikapigwa. Leo mrithi mmoja anajitokeza mwenyewe, bila kulipwa wala kubembelezwa, na tunashindwa kumpa chumba cha kupigia.

Jirani naye ana haki

Tusimfanye jirani kuwa adui katika hadithi hii. Mwaka wa kwanza, binti huyu alipoazima ngoma moja tu ya chuo na kuipeleka kwake wikendi, mlango uligongwa kabla ya dakika kumi kuisha. Alikuwa mlinzi wa ploti.

"Dada yangu, sina ubaya na wewe," alimwambia. "Lakini huyo mama wa chumba cha tano ni nesi, ametoka zamu ya usiku. Na huku juu kuna mtoto mchanga. Mwenye ploti akinipigia simu, mimi nitamwambia nini?"

"Pole sana, mzee. Naizima sasa hivi," akajibu.

Mlinzi hakukosea. Kuta za ploti zetu nyingi ni nyembamba mno. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Seti ya dramu ikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100, ilhali wataalamu wa usalama kazini huonya kwamba kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku inatosha kuanza kudhuru masikio. Tena tuna kanuni za kudhibiti kelele zilizochapishwa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira. Nesi aliyelala mchana baada ya kuhudumia wagonjwa usiku kucha anastahili kimya chake.

Kinachotukera ni ubaguzi wa kelele. Matatu inapita mtaani saa tano usiku ikiwa na spika za kutikisa madirisha, tunasema ndio Nairobi hiyo. Baa iliyo chini ya nyumba za watu inanguruma hadi asubuhi, tunanung'unika kisha tunalala. Mkesha wa maombi unafunga barabara, tunapita upande wa pili. Lakini kijana akipiga ngoma saa tisa mchana kwa ajili ya mtihani, hapo ndipo tunakumbuka sheria. Hatusemi kelele zote ziruhusiwe. Tunasema kelele ya kujifunza ipewe chumba chake, ili nesi alale na mwanafunzi apige.

Ratiba inaweza kufanya kazi ya amri

Kuna jambo lingine ambalo wakuu wa vyuo hawapendi kulisikia. Saa za usiku kwenye ratiba hazimgusi kila mwanafunzi kwa kiwango kimoja. Mwanafunzi wa kiume anayeishi karibu na chuo anaweza kupiga hadi saa nne na kutembea hadi kwake akipiga mluzi. Binti anayetegemea matatu mbili hawezi. Kwenye karatasi, wamepewa saa sawa. Barabarani, mmoja ana saa nne na mwingine ana mbili.

Wasichana wanaopiga ngoma wana vikwazo vya kutosha tayari. Kasiva Mutua, mpiga ngoma Mkenya ambaye ametumbuiza katika mataifa mengi, ameeleza hadharani jinsi alivyokabiliana na dhana kwamba ngoma si kazi ya wanawake, na jinsi bibi yake alivyomfungulia masikio kwa sauti na hadithi. Dhana hiyo yenyewe haina mizizi mirefu kama tunavyodhani. Ukambani, ngoma za kilumi zimepigwa na akina mama tangu jadi. Zanzibar, Bi Kidude aliyefariki mwaka wa 2013 alipiga ngoma za unyago hadi uzeeni. Anayesema mila inakataza ajibu kwanza, mila ya nani?

Nchini Burundi, amri ya rais ya mwaka wa 2017 ilikataza wanawake kupiga zile ngoma za kitamaduni zinazosifika duniani. Wengi wetu hapa tulishangaa tulipoisoma. Huku kwetu hakuna amri kama hiyo. Lakini ukimpangia msichana saa zake za mazoezi usiku, ukajua fika kwamba hawezi kurudi nyumbani salama, ratiba yako imefanya kazi ya amri bila kutiwa sahihi na mtu yeyote.

Baba yake, ambaye ni fundi wa viatu Machakos, alikuwa na swali lake alipomwambia anataka kusomea muziki. "Mwanangu, na hiyo ngoma utakula?" Ni swali la mzazi, na si la kubezwa. Jibu la binti lilikuwa kwamba mpiga dramu hodari hukosa usingizi kwa kuitwa, kwani kila bendi, kila kwaya na kila studio humtafuta mtu wa kutunza mwendo. Mzee alinyamaza, kisha akauza mbuzi wawili kwa ajili ya karo ya kwanza. Tangu siku hiyo hajawahi kuuliza tena. Kwa hiyo mtu wa mwisho wa kumwangusha binti huyu hapaswi kuwa yule anayeshika ratiba ya chumba.

Vyumba vipo, vimefungwa tu

Tukianza kuzungumzia vijana na sanaa, wakubwa hukimbilia kusema hakuna pesa. Hospitali hazina dawa, walimu hawatoshi, halafu mnataka tujenge kumbi za ngoma? Hoja hiyo ina uzito, na tungeikubali kama tungekuwa tunaomba jengo. Tunaomba ufunguo.

Tembea mtaa wowote wa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru siku ya Jumanne saa nane mchana. Utakuta kanisa lenye seti ya dramu, limefungwa kwa kufuli hadi Jumapili. Wapiga dramu wengi wa mjini tunaowashangilia walijifunzia kanisani, wakiwa watoto walioketi nyuma ya mpigaji mkubwa wakisubiri aende msalani ili wajaribu dakika mbili. Kanisa limekuwa shule ya dramu ya nchi hii bila kutambuliwa. Likifungua mlango wake kwa saa mbili mchana, mara mbili kwa wiki, litakuwa limefanya makubwa kuliko semina kumi za kuwezesha vijana.

Kisha kuna kumbi za kijamii za kaunti. Eastlands pekee ina kumbi kama za Kaloleni na Pumwani, zilizojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wakazi wa mitaa hiyo. Kumbi za aina hii zimeandaa harusi, mikutano na mazoezi ya ndondi kwa vizazi. Mabondia wanajua thamani ya ukumbi. Hakuna anayemwambia bondia akafanye mazoezi kwenye keja yake halafu aje ulingoni kushindana.

Mfano wa kufaulu tunao. Huko Korogocho, mradi wa Ghetto Classics umefundisha watoto na vijana muziki kwa zaidi ya mwongo mmoja, katika eneo la kanisa la Mtakatifu Yohana, karibu na jaa la Dandora. Vijana kutoka huko wamepiga muziki kwenye majukwaa makubwa mbele ya wageni wa heshima. Watu husifu vipaji vyao, na vipaji wanavyo. Lakini Korogocho haina watoto wenye vipaji kuliko Kayole, Likoni au Nyalenda. Tofauti ni kwamba pale kulikuwa na mahali, ala, mwalimu na saa zinazojulikana. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Jambo hili linawahusu wengi zaidi kuanzia sasa. Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 lilianza sekondari ya juu, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyochagua ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali imemwambia mtoto wa miaka 15 au 16 kwamba muziki ni njia halali ya masomo. Vizuri. Sasa mtoto huyo atafika shuleni na kuuliza ngoma iko wapi. Akiambiwa ipo moja, na imefungiwa ofisini kusubiri tamasha la muziki, tutakuwa tumemchagulia njia kisha tukaweka lango katikati. Hata katika KCSE, muziki una karatasi ya kupiga na kuimba mbele ya mtahini, si ya kuandika tu. Mtahini hawezi kutoa alama kwa nia njema.

Kwa hiyo tunayopendekeza ni haya. Vyuo viwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho kipaumbele cha saa za mchana katika muhula wa onyesho, na saa za usiku ziachiwe wanaoishi ndani ya chuo. Idara za muziki zihesabu mazoezi kuwa masomo, zikiyaweka kwenye ratiba kama zinavyofanya kwa maabara ya kemia. Hakuna anayemwambia mwanafunzi wa kemia akachanganye tindikali kwenye keja yake. Kaunti zitenge saa chache za mchana katika kumbi zao, kwa kitabu cha kujiandikisha na kitambulisho cha mwanafunzi, bila ada. Makanisa yenye dramu yaingie makubaliano na wanafunzi wa mtaani mwao. Nao wanafunzi, kwa upande wao, wafunike ngoma, wafagie, na walipe kilichovunjika.

Kwako uliyebakisha wiki tatu

Tukisema na wakubwa, tusikusahau wewe unayesoma haya ukiwa na vijiti mkobani. Chumba ni haki yako, lakini chumba hakipigi dramu. Tuliuliza wapigaji wazoefu wa mjini wanafanya nini siku zikikaribia, na majibu yao yalifanana kiasi cha kutuaminisha.

Piga polepole. Chukua metronomi, ile programu ya simu inayogonga tik tik, uiweke kwenye mwendo wa nusu ya ule utakaopiga jukwaani. Kipande kinachokushinda kwa kasi ndogo hakitakutii kwa kasi kubwa. Kikikutii mara tano mfululizo bila kosa, ongeza mwendo kidogo tu. Mwenda pole hajikwai.

Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza kesho yake ukiwa umepoa. Utashangaa. Pale ulipodhani uko imara utasikia umekimbia, na karibu kila mtu hukimbia mahali palepale: anapotoka kwenye mapigo ya kawaida kwenda kwenye kile kipande cha mbwembwe. Weka alama hapo kwenye nota zako, uhesabu kwa sauti ukifika.

Ukikosea, usisimame. Hili ni la mazoezi, si la jukwaani peke yake. Anayezoea kusimama kila akikosea hufundisha mikono yake kusimama. Angalau mara moja kwa siku piga programu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, makosa yakiwemo, kama vile watahini wameketi mbele yako. Hadhira husamehe pigo lililopotea. Mwendo uliokatika unaonekana na kila mtu.

Linda masikio yako. Vizibo vya masikio vya bei nafuu vipo kwenye maduka ya dawa, na mpiga dramu asiyesikia vizuri akiwa na miaka 35 ni seremala asiye na mikono. Lala pia. Mikono huyashika mafunzo ya mchana wakati wewe umelala, na kukesha siku mbili kabla ya onyesho hakujawahi kumsaidia mtu.

Mwisho, usisubiri ukumbi mzuri ndipo uanze. Binti wa Kayole hakusubiri. Kitabu chake cha hesabu hakitoshi, tumesema hivyo na tunarudia, lakini ndicho kilichomweka tayari siku mlango ulipofunguka.

Ndiyo, mlango ulifunguka. Wiki jana rafiki yake alimpeleka kwa mzee wa kanisa moja mtaani humo, kanisa la mabati lenye dramu kuukuu. Alieleza shida yake. Mzee alimsikiliza, akauliza onyesho ni lini, akafikiri kidogo. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi," akamwambia. "Watu wengi huwa kazini wakati huo, hakuna utakayemsumbua. Ukimaliza, binti yangu, funika ngoma, na ufunguo umwachie mama wa duka."

Pedali ya ngoma ya besi ilikuwa imekatika chemchemi. Fundi wa baiskeli akaitia nyingine. Toazi moja lina ufa, na linalia kama sufuria. Lakini ngozi za ngoma zimekazwa, kiti kiko, na mguu wake wa kulia umekutana tena na kitu kinachorudi ukikikanyaga. Saa nne kwa wiki, kwa wiki tatu zilizobaki, ni saa 12. Ni nusu ya zile alizopata muhula mzima, na zote ni za mchana.

Hatujui watahini watampa alama gani, na si kazi yetu kuwafundisha kazi yao. Mcheza kwao hutunzwa, na tunatarajia ukumbi utajaa watu wa Kayole siku hiyo, akiwemo fundi mmoja wa viatu kutoka Machakos. Wewe msomaji, kama kuna ufunguo wa kanisa, wa darasa la muziki au wa ukumbi wa kaunti unaoning'inia kwenye shanga zako, mtafute mpiga ngoma mmoja mtaani kwenu kabla ya Jumanne ijayo.